Jina la Baiskeli Iliyofungwa Injini

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mtafsiri wa sheria siku hizi yamo ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana madogo mno kustahili kujadiliwa katika kurasa hizi. Mojawapo ni hili: baiskeli kuukuu ikifungwa injini ndogo uani kwa fundi, iitweje? Tangu mwaka 1967, lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa kwa Sheria Namba 27, kazi ya kusanifu istilahi imekuwa ikitanguliwa na mahitaji ya ofisi na shule. Mwaka 2021 mahitaji hayo yaliongezeka uzito, kwa kuwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mwaka huo yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno linalochaguliwa na mtafsiri sasa halimsaidii tu mwanafunzi kuelewa somo lake. Laweza kumtoza mtu faini.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa samaki anayenunua mzigo wake Feri alfajiri, akafunga tenga juu ya keria na kuelekea mitaani kuuza. Akiwa juu ya baiskeli, hadaiwi leseni wala namba ya usajili wala bima. Akiwa juu ya pikipiki, adaiwa vyote hivyo, pamoja na kofia ngumu. Sasa amefunga injini ya sentimita za ujazo 48 katika baiskeli ile ile, na pedeli zake bado zinazunguka. Je, yu mpanda baiskeli au dereva? Jibu ni la watunga sheria, lakini hawawezi kulitoa bila jina la kitu wanachokitungia sheria. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi Kiswahili kilivyovipa majina vyombo vya jinsi hii katika historia yake, ili tuone jina tunalolitafuta laweza kupatikana kwa njia ipi.

Yafaa kwanza tukitazame kitu chenyewe. Fundi huiweka injini katika pembetatu ya fremu, juu kidogo ya ekseli ya pedeli, akaikaza kwa bolti. Tangi la petroli hukaa juu ya bomba la juu la fremu. Gurudumu la nyuma huongezewa sproketi ya pili, inayobanwa kwenye spoki kwa mipira na vyuma ili isizicheze. Cheni ya pili hupita upande wa kushoto, ilhali ile ya pedeli hubaki mahali pake kulia. Kwenye usukani huongezwa mkono wa klachi na wa mafuta. Injini zenyewe aghalabu ni za mapigo mawili, nazo huhitaji petroli iliyochanganywa na oili, maana hazina mahali pengine pa kuwekea oili. Kuiwasha, mpandaji hupiga pedeli hadi baiskeli ikapata mwendo, kisha huachia klachi, na gurudumu ndilo linaloizungusha injini mpaka iitikie.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba aya iliyotangulia ina maneno mengi ya kigeni, na kwamba hakuna hata moja lililomsumbua. Spoki, klachi, sproketi na bolti zimekwisha kupata uraia wao kwa mafundi. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni vitenzi, kwa kuwa hivyo ni vya Kiswahili asilia. Fundi hasemi kwamba ameiweka injini, wala ameipachika, wala ameisimika, kama wasemavyo baadhi ya watafsiri wa vitabu vya ufundi. Husema ameifunga. Akiitenganisha vipande husema ameifungua, na ikihitaji matengenezo makubwa husema ameishusha. Kufunga ni neno la mtu anayefunga mzigo, anayefunga tanga, anayefunga tenga la samaki. Lina maana ya kukaza kitu mahali ili kisitoke njiani. Kwa maoni yetu hakuna neno bora kuliko hilo, na mwalimu wa ufundi anayelifuta katika daftari la mwanafunzi ili aandike kusimika anapoteza wino.

Wazo la kuifunga injini katika baiskeli si geni wala si la juzi. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na mwenziwe Wilhelm Maybach waliijaribu injini yao ya petroli nchini Ujerumani kwa kuiweka katika fremu ya mbao yenye magurudumu mawili. Lakini kisa kinachotuhusu zaidi sisi wa istilahi kilitokea Japani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, nchi ile ilikuwa haina magari wala mafuta ya kutosha. Katika mji wa Hamamatsu, mwaka 1946, Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, ambazo zilikuwa zimetengenezwa kuendesha jenereta za redio. Alizifunga katika baiskeli za kawaida. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chombo cha maji ya moto, cha aina ile wanayotumia watu wa huko kupashia kitanda joto wakati wa baridi. Injini hizo zipatazo 500 zilipokwisha, alilazimika kuunda ya kwake, ambayo ilitoka mwaka 1947. Kampuni yake ikaandikishwa mwaka 1948. Wananchi wa Japani hawakuliita dude lile baiskeli ya jenereta. Waliliita batabata, kwa mlio wake.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili atatabasamu, maana sikio la Kijapani na sikio letu limefanya kazi moja. Sisi tulisikia piki, piki, piki, tukapata pikipiki. Wenzetu wa Kongo walisikia tuku, tuku, tuku, wakapata tukutuku. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Hakuna aliyeketi kujadili iwapo kiini cha chombo kile ni magurudumu yake mawili au injini yake. Neno lilitoka barabarani, likaenea, na mwaka 1981, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, pikipiki lilikuwa neno lisilohitaji mtetezi.

Njia ya pili ya kuvipa majina vyombo vya injini ni kinyume cha hiyo: kutokuitaja injini kabisa. Gari lilikuwa jina la chombo cha kukokotwa na mnyama au kusukumwa na watu, nalo lilitufikia kutoka Bara Hindi. Chombo cha injini kilipoingia, kililetwa na jina lake, motokaa, na vitabu vya shule vya wakati wa Waingereza vilijaa motokaa. Neno hilo lilikuwa na bahati ya kipekee, kwani masikio ya Mswahili yalisikia ndani yake moto, na tena kaa, yaani kaa la moto. Ungedhani limezaliwa Lamu. Hata hivyo halikudumu vinywani. Punda na ng'ombe walipoondoka barabarani hapakuwa na haja tena ya kutofautisha, na gari likarudi kushika nafasi yake likiwa na injini ndani.

Jambo lile lile limetokea mbele ya macho yetu katika soko la Kariakoo. Guta lilikuwa jina la baiskeli ya magurudumu matatu yenye kitanda cha kubebea mizigo, iliyoendeshwa kwa miguu. Leo magunia ya vitunguu na katoni za bidhaa husafirishwa kwa chombo cha magurudumu matatu chenye injini, na watu wengi huendelea kukiita guta. Wengine hukiita toyo, jina la chapa, kama abiria wanavyoita bajaji kwa jina la kiwanda cha India. Lakini wale wanaosema guta hawaoni kosa lolote, kwa kuwa kazi ni ile ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bodaboda. Jina hili lilizaliwa katika miaka ya 1960 Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambapo vijana wenye baiskeli zilizowekwa mto wa kukalia nyuma waliwavusha wasafiri baina ya vituo viwili vya mpaka, wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili. Bodaboda ya kwanza basi ilikuwa baiskeli tupu. Pikipiki zilipochukua kazi hiyo, hasa tangu miaka ya 1990, zilichukua na jina, na leo kijana wa Dar es Salaam akisikia bodaboda hafikirii baiskeli hata kidogo, wala mpaka. Kwa upande mwingine, daladala, iliyopata jina kwa dala, yaani shilingi 5 zilizokuwa nauli ya mabasi ya watu binafsi mijini miaka ya 1980, ilifika Shinyanga ikashuka kutoka kwenye basi na kupanda juu ya baiskeli za abiria. Jina moja limepanda kutoka pedeli kwenda injini, na jingine limeshuka kutoka injini kwenda pedeli. Yote mawili yamefuata nauli.

Kutokana na mifano hii twaweza kueleza kwa nini kitu chetu hakina jina. Baiskeli iliyofungwa injini haina kazi yake peke yake. Hubeba samaki wale wale na mtu yule yule. Wala mlio wake si mpya, maana pikipiki wamekwisha kuutwaa. Njia zote mbili zilizozoeleka zimeziba.

Iko njia ya tatu, ambayo ni ya ofisi, na hiyo yahitaji kuangaliwa kwa makini. Lugha ya serikali huita gari na pikipiki kwa pamoja vyombo vya moto. Neno chombo, kabla ya kupanda nchi kavu, lilikuwa la baharini. Mtu wa Feri akisema chombo kimeingia bado huwa anatazama majini. Usukani nao ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari na wa baiskeli. Feri penyewe, kwa kweli, ni darasa la istilahi: ofisi husema kivuko, eneo la jirani huitwa Kivukoni, kituo huitwa Feri, na abiria wa Kigamboni huuliza kama pantoni imefika. Majina matatu kwa kitu kimoja, na hakuna aliyewahi kukosa kuvuka kwa sababu hiyo. (Kadhalika mchuuzi aendaye Kariakoo na tenga lake huenda hajui kwamba keria ya baiskeli yake na jina la soko vimetoka katika neno moja la Kiingereza: moja lilikuja na baiskeli, jingine lilikuja na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.)

Chombo cha moto ni istilahi nzuri. Ni fupi, ni ya Kiswahili, na inaeleweka na askari na raia. Udhaifu wake ni kwamba moto uliomo ndani yake unachukuliwa kwa maana yake hasa. Baiskeli za umeme zimekwisha kuingia mijini mwetu, nazo haziunguzi kitu. Wakili hodari aweza kusimama mahakamani akadai kwamba chombo cha mteja wake hakina moto, na maadamu Kiswahili ndiyo lugha ya sheria, hoja yake haitaweza kujibiwa kwa kufungua nakala ya Kiingereza tu.

Wapo wanaopendekeza kwamba tukope moja kwa moja na kusema mopedi. Neno hilo lilitungwa Uswidi mwaka 1952 kwa kuunganisha maneno mawili ya huko, motor na pedaler, wakati nchi ile ilipokitenga chombo hicho katika sheria zake kiwe daraja la peke yake. Kwa Waswidi lilikuwa wazi kama maji, kwa kuwa kila nusu yake ilionekana. Kwetu nusu zote mbili zingekuwa gizani, na askari wa barabarani angelazimika kupewa maelezo kila mara.

Sisi twaelekea kwenye baiskeli ya injini, na tungependa watafsiri waangalie kiungo kilichotumika. Tukisema baiskeli yenye injini, tunaeleza hali ya baiskeli fulani, hali ambayo kesho yaweza kubadilika kwa spana moja. Injini ikifunguliwa, inabaki baiskeli. Tukisema baiskeli ya injini, tunataja aina, kama tusemavyo jiko la mkaa au taa ya kandili. Sheria hutaka aina. Maelezo ya polisi juu ya tukio moja yanaweza kutumia yenye bila hasara. Kwa zile za umeme tuseme baiskeli ya mota, tukihifadhi tofauti ambayo mafundi wenyewe wanaishika, kwamba injini hula mafuta na mota hula umeme.

Ufafanuzi waweza kuanza hivi: "Baiskeli ya injini ni baiskeli iliyofungwa injini ndogo, ambayo pedeli zake zinaweza kuiendesha injini ikiwa imezimwa." Sharti la pedeli ndilo litakaloitenga na pikipiki, na askari aweza kulihakikisha pale pale barabarani kwa kumwambia mpandaji azime injini na aendeshe hatua chache. Ukubwa wa injini na kikomo cha mwendo vitajazwa na wahandisi pamoja na watunga sheria, na hapo ndipo itakapojulikana kama yule mchuuzi wa Feri atahitaji leseni.