Nani Anaipa Insha Alama? Historia Fupi ya Usahihishaji wa Uandishi Mashuleni

Katika mijadala yetu ya elimu tumezoea kuuliza maswali matatu: nani anafundishwa, nani anafundisha, na kinafundishwa kitu gani. Swali la nne huachwa kwa wataalamu wa mitihani, kana kwamba si swali la siasa: nani anasahihisha, na anatoa alama kwa ajili ya jambo gani? Upungufu huu ni mkubwa. Mwanafunzi akishaona daftari lake limerudishwa mara tatu au nne, huacha kuandika kama alivyoelekezwa ubaoni na huanza kuandika kama anavyosahihishwa. Kwa hiyo anayeshika kalamu nyekundu ndiye anayeamua vijana wa nchi wataandika namna gani na, baada ya miaka michache, watafikiri namna gani.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko shule zetu, na hapana budi tuanzie mbali kidogo.

Uchina ndiyo nchi iliyotahini watu kwa maandishi kwa muda mrefu kuliko zote. Kwa zaidi ya miaka 1,300, mpaka mwaka 1905 mitihani hiyo ilipofutwa, mtu aliyetaka kuwa ofisa wa dola alipimwa kwa kuandika. Watawala walijua kwamba upendeleo ungeua mfumo mzima. Katika enzi ya Song jina la mtahiniwa lilifunikwa, kisha makarani wakainakili karatasi nzima upya ili msahihishaji asiutambue hata mwandiko. Hatua hizo zilikuwa za haki kweli kweli. Mtoto wa mkulima aliyepata bahati ya kusoma na mtoto wa waziri walifika mezani wakiwa hawana majina. (Tuseme pia kwamba mtoto wa mkulima aliyepata bahati hiyo alikuwa nadra, maana kusoma kulitaka miaka mingi bila kushika jembe.)

Lakini watahiniwa walikuwa maelfu kwa maelfu, na wasahihishaji wachache. Unazilinganishaje insha elfu nyingi kwa haki? Jibu lililopatikana katika enzi ya Ming, katika karne ya 15, ni kuweka umbo moja la lazima. Hiyo ndiyo insha iliyoitwa ya miguu minane. Ilikuwa na sehemu zake zilizopangwa, sentensi zake zilizokwenda sambamba mbili mbili, na mada zake zilizotoka katika vitabu vya Confucius na wafuasi wake. Msahihishaji aliyechoka aliweza kuona upesi ni mguu gani umevunjika. Umbo hilo halikubuniwa na wajinga. Lilibuniwa na watu waliotafuta haki katika kazi iliyowazidi nguvu. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba vizazi na vizazi vya wasomi vilijifunza kujaza umbo, na mtu aliyekuwa na jambo jipya la kusema hakuwa na mguu wa kulisimamisha.

Makada wenzetu waliosoma habari za mapinduzi ya Uchina watakumbuka kwamba tarehe 8 Februari 1942, kule Yan'an, Mao Zedong alitoa hotuba nzima dhidi ya ugonjwa huu. Mitihani ya dola ilikuwa imekufa miaka 37 kabla ya hapo, lakini miguu minane ilikuwa imeingia ndani ya maandishi ya chama chenyewe. Aliishitaki kwa makosa manane, likiwamo la kujaza kurasa kwa maneno matupu. Hapa kuna somo ambalo sisi wakufunzi wa siasa huwa tunalipita haraka: namna ya kusahihisha huweza kufutwa kwa amri siku moja, na namna ya kuandika iliyozaliwa nayo ikabaki.

Tuje kwetu. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuzitahini shule za Uingereza mwaka 1858, na mwaka 1863 mitihani yake ilivuka bahari kwa mara ya kwanza, kwenda Trinidad. Katika Tanganyika ya kikoloni cheti cha Cambridge ndicho kilichokuwa mlango wa kazi na wa masomo ya juu. Karatasi ziliandikwa huku na kusafirishwa Uingereza kusahihishwa na watu ambao hawajawahi kumwona mtahiniwa, wala kijiji chake, wala msimu wa mvua anaouelezea. Kwa miaka mingi mtu aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti chote, hata kama hesabu na jiografia alizishinda. Kwa maneno mengine, uandishi katika lugha ya mtawala ulikuwa ndiyo mizani ya akili yote.

Je, mizani yenyewe ilikuwa sawa? Ushahidi ulitoka kwa Waingereza wenyewe. Mwaka 1935 Philip Hartog na E. C. Rhodes walichapisha uchunguzi wao kuhusu mitihani. Walichukua karatasi 15 za historia za ngazi ya cheti cha sekondari, ambazo zote zilikuwa zimepewa alama ileile, wakawapa wasahihishaji wazoefu wazisahihishe upya. Zilirudi na alama zaidi ya 40 za namna mbalimbali. Baada ya mwaka na zaidi wasahihishaji 14 kati yao walipewa tena karatasi zilezile bila kumbukumbu ya alama zao za kwanza. Katika hukumu 210 walizotoa, 92 zilikuwa tofauti na hukumu yao ya mwanzo: aliyefaulu akaanguka, aliyeanguka akafaulu. Watu walewale, karatasi zilezile. Basi wakati Mwafrika wa miaka ya 1930 akiambiwa kwamba alama ya Cambridge ni kipimo kisichoteteleka, huko kwao kipimo hicho kilikuwa kimekwisha kuonekana kinayumba.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja na kupitisha vitabu vya shule. Usanifishaji ulikuwa na faida kubwa, na taifa letu limezila faida hizo. Lakini mtoto wa Mvita aliyeandika "ndia" badala ya "njia" aliandika lugha ya mama yake na ya washairi wa kwao, na kwa kipimo cha vitabu hivyo hilo lilikuwa kosa. Tunalitaja tu, tusije tukadhani kwamba kalamu nyekundu ilikuwa ya Kiingereza peke yake.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba mitihani tuliyorithi inapima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa anapotakiwa katika muda uliowekwa, wala haipimi uwezo wake wa kufikiri, tabia yake, au nia yake ya kutumika. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki iliyokuwa bado imeshikamana na Cambridge, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe hakimu wa pekee. Kuanzia mwaka 1976 kazi za mwanafunzi shuleni zikapewa nusu ya alama za mwisho katika sekondari.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na msimamo wetu ni kwamba ulieleweka nusu. Uliondoa hakimu wa ng'ambo na ukamleta mwalimu karibu na hukumu. Haukuuliza mwalimu huyo atahukumu uandishi kwa kipimo gani. Shule moja ikatoa alama kwa ukarimu, nyingine kwa ukali, na Baraza likalazimika kuzisawazisha kwa hesabu. Baadaye uzito wa nusu ukapunguzwa. Wapo wanaosema kwamba walimu ndio walioharibu. Hiyo si kweli, au ni kweli ndogo sana. Mwenye darasa la wanafunzi 45, akitumia dakika 10 kwa kila insha, anahitaji saa 7 na nusu kusahihisha zoezi moja la darasa moja. Akiwa na madarasa manne, hizo ni saa 30. Hakuna ratiba ya shule iliyoziandika saa hizo popote. Mwalimu aliye katika hali hiyo atafanya mambo mawili: atatoa insha chache, na katika hizo chache atatafuta kile kinachoonekana upesi, yaani tahajia, nukta na idadi ya hoja.

Idadi ya hoja! Yeyote aliyepita sekondari zetu anaifahamu: utangulizi una alama zake, hoja tano au sita zina alama zake, hitimisho lina alama zake. Mwongozo huu una haki ndani yake kama ule wa Ming ulivyokuwa na haki. Unamlinda mtoto wa shule ya kata isiyo na maktaba, kwa sababu naye anaweza kufundishwa hoja sita. Unamzuia msahihishaji mwenye chuki au usingizi. Nasi tusiudharau. Ila tuuite kwa jina lake: ni miguu minane yetu.

Madhara yake yalionekana wazi zaidi katika somo letu wenyewe, yaani Siasa, lililofundishwa na kutahiniwa mashuleni mpaka lilipoiachia nafasi Uraia katika miaka ya 1990. Tuchukue mfano. Swali linamtaka mwanafunzi aeleze masharti ya maendeleo yaliyotajwa katika Azimio la Arusha. Mwanafunzi wa kwanza anaandika: watu, ardhi, siasa safi, uongozi bora, akiongeza sentensi moja moja kama ilivyo katika daftari. Anapata zote. Wa pili anaandika juu ya uongozi bora peke yake. Anaeleza jinsi mizani ya kununulia pamba kijijini kwao ilivyokuwa ikipunja, wakulima walivyojua, kikao kilivyoitwa mara mbili na kuahirishwa mara mbili, na kwa nini mwenyekiti aliogopa. Kwa mwongozo wa hoja, huyu amepata moja kati ya nne. Lakini ni yupi ambaye Azimio limemwingia? Na ni yupi tuliyemwambia, kwa alama, kwamba asirudie tena? Tulilalamika baadaye kwamba vijana wanaimba kaulimbiu bila kuziamini. Kaulimbiu hizo tulizinunua wenyewe, alama moja moja.

Upo upande wa pili wa tatizo ambao ni mbaya zaidi, nao ni kuacha kusahihisha maandishi kabisa. Mtihani wa darasa la saba kwa muda mrefu ulitawaliwa na maswali ya kuchagua herufi, na mwaka 2012 karatasi zake zilianza kusomwa kwa mashine, mtoto akitia weusi ndani ya kiduara. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Udanganyifu ulikuwamo, bila shaka. Lakini mtihani ambao hakuna mahali mtoto anatakiwa kuandika sentensi yake mwenyewe hauwezi kumgundua asiyejua kuandika sentensi.

Kati ya umbo linaloua fikra na mashine isiyoona maandishi, kuna njia? Mwaka 1961 wachunguzi watatu wa Marekani, wakiongozwa na Paul Diederich, waliwapa wasomaji 53 wa kazi mbalimbali insha 300 wazipange katika madaraja tisa bila mwongozo. Insha 101 zilipata madaraja yote tisa, na hakuna hata moja iliyopata chini ya matano. Uchambuzi ulionyesha kwamba wasomaji wale hawakuwa wakibahatisha: wengine walisoma mawazo, wengine mpangilio, wengine makosa ya lugha, wengine uteuzi wa maneno, wengine ladha ya mwandishi. Kwa hiyo kutofautiana kwao kulikuwa na sababu, na chenye sababu kinaweza kujadiliwa. Kabla yao, mwaka 1949, Stephen Wiseman alikwisha kueleza utaratibu uliotumika Devon, Uingereza. Wasahihishaji wanne walisoma insha ileile, kila mmoja peke yake na kwa haraka, akatoa alama moja ya jumla, kisha zikajumlishwa. Macho manne yenye mapungufu tofauti yalikaribia haki kuliko jicho moja lenye mwongozo mrefu.

Shule zetu haziwezi kuisoma kila insha mara nne, na anayedai hivyo hajawahi kukaa na marundo ya madaftari. Zinaweza kuanza na insha kumi kila muhula. Walimu wa Kiswahili, historia na uraia wa shule moja, au wa shule mbili jirani, wazisome wote, kila mtu aandike alama yake bila kumwonyesha mwenzake, kisha wakae wabishane mpaka wajue nani kati yao anasoma tahajia na nani anasoma hoja. Katika mwongozo, alama mbili au tatu zitengwe kwa ajili ya mwanafunzi aliyelithibitisha jambo moja kwa mfano alioupata mwenyewe. Na saa za kazi hiyo ziandikwe katika ratiba ya mwalimu kama vipindi vingine, mkuu wa shule azihesabu, na mkaguzi akija aziulizie.