Mkulo na Kafuri katika Milima ya Usambara

Katika Usambara ya Magharibi, ambamo Rangwi imo, Wasambaa huuita mkulo mti mmoja mkubwa wa msituni ambao Wakikuyu huuita muthaiti. Maji ya gome lake yametajwa katika vitabu vya miti-dawa kuwa dawa ya kifaduro. Engler wa Berlin aliupa jina la Ocotea usambarensis. Lakini wafanya biashara ya mbao, kwa kufuata harufu yake, wakauita kafuri ya Afrika Mashariki.

Hapo ndipo penye hatari. Kafuri, neno tulilolipata kwa Waarabu, hutoka katika mti wa Asia ulio jamaa ya mkulo, wala si mkulo wenyewe. Nao Wajerumani waliupanda Amani, katika kituo walichokianzisha mwaka 1902. Basi milima hiyo ina miti miwili iliyopewa jina moja, na kafuri ikimezwa ni sumu, hasa kwa watoto, nao ndio wapatwao zaidi na kifaduro. Mtungaji wa kamusi aandikaye “mkulo, yaani mkafuri” na kuishia hapo (nao si wachache wapendao ufupi huo) humwelekeza mgonjwa kwenye gome jingine.