Jumatatu Ipi, Saa Tatu ya Wapi?

JUMA hili alinijia kijana mmoja wa hapa Arusha anayetengeneza tovuti ya kutangaza matukio ya mji: makongamano, mbio za marathoni, maonyesho, mikutano ya hadhara. Ratiba yake ipo tayari kwa Kiingereza na Kifaransa. Aliniomba nimsaidie kuiweka katika Kiswahili, na kama nawajua watu, basi na Kinyarwanda pia. Kwa hesabu yake ilikuwa kazi ya nusu saa. Unaondoa jina la siku la Kiingereza, unabandika la Kiswahili, umemaliza.

Nilimwambia aagize chai kwanza. Mji huu uliwahi kuwa na ratiba ya namna hiyo, tena ya mambo mazito kuliko marathoni.

Tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 955 na kuunda Mahakama ya Kimataifa ya kuwahukumu watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tarehe 22 Februari 1995, kwa azimio namba 977, makao yake yakawekwa Arusha. Ikapangishwa ndani ya AICC, majengo yaliyojengwa kwa ajili ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani iliyovunjika mwaka 1977. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilianza kusikilizwa 9 Januari 1997. Hukumu yake ya 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza duniani ambamo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Jambo hilo lilifanyika hapa hapa, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Mnara wa Saa.

Sasa, kifungu cha 31 cha sheria ya mahakama hiyo kilitaja lugha mbili za kazi: Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi walisema Kinyarwanda na wakafasiriwa. Kiswahili, lugha ya dereva aliyewaleta majaji na mama aliyepika chakula cha mchana, hakikuwamo. Ukumbi wa wasikilizaji, nyuma ya kioo, ulikuwa wazi kwa mwananchi yeyote, na spika za masikioni aligawiwa. Lakini mwananchi huyo angejuaje kuwa leo kuna kikao?

Nisionekane mlalamishi tu. Kutafsiri mwenendo wa kesi ni gharama kubwa. Kesi ya Butare peke yake ilianza Juni 2001 na hukumu ikasomwa Juni 2011. Ungeitia yote katika Kiswahili, fedha zingekwisha kabla ya mashahidi. Ila mimi sizungumzii mwenendo. Nazungumzia karatasi moja ya ratiba, inayosema kesi ya nani, chumba gani, siku gani, saa ngapi. Shirika la habari la Hirondelle, lenye asili ya Uswisi, lilikuwa na ofisi hapa na lilitoa habari za mahakama kwa Kifaransa, Kiingereza, Kinyarwanda na hata Kiswahili. Kwa hiyo haikuwa kazi isiyowezekana.

Wala watu wa mlima huu hawakuwa wageni kwa Umoja wa Mataifa. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka uliofuata kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini walisikilizwa.

Turudi kwa kijana wangu na nusu saa yake. Tazama juma lenyewe. Kiswahili kinaanza kuhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ndiyo mosi, Jumatatu ndiyo ya tatu, Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano! Tuna siku mbili za tano katika juma moja na hakuna anayeshtuka. Mnyarwanda anaanza na Jumatatu yetu na kuiita siku ya kwanza; siku yake ya tatu, kuwa gatatu, ni Jumatano yetu, na ya tano ni Ijumaa. Kwa saa tunapatana, maana naye husema saa mbili asubuhi pale Mzungu anapoandika 8:00. Hata hivyo Kigali iko nyuma ya Arusha kwa saa moja, hivyo saa tatu yetu kwao ni saa mbili. Na tovuti ile, nilipobonyeza kitufe cha Kiswahili, majina ya siku yalibadilika, saa ikabaki 09:00. Bibi yangu angeisoma saa tisa.

Majaji wenyewe, katika hukumu ya Akayesu, waliandika kwamba mashahidi wengi walipata shida kutaja kwa usahihi tarehe, saa na umbali. Sisi waandishi tulisoma maneno hayo kama yanawahusu watu wa vijijini tu. Mimi nikaja kujua vingine.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya redio, nikiwa na stashahada mpya mfukoni na kiburi chake, nilizoeana na mzee mmoja Mnyarwanda aliyekuja kwa binti yake Ngaramtoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Alitaka kuisikia hukumu ya mtu wa kwao ikisomwa. Nikasoma ratiba ya Kifaransa ubaoni, nikamwambia: "Mzee, ni Jumatatu, saa tatu." Akarudia, "Tatu, saa tatu," akashukuru sana.

Hukumu ikasomwa Jumatatu. Nilimtafuta kwa macho nyuma ya kioo, sikumwona. Jumatano asubuhi nikamkuta getini, amevaa suti, viatu vinang'aa, mlinzi anamweleza kuwa leo hakuna kikao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo si siku ya tatu?"

Nilimweleza pale pale, kando ya geti, jinsi tunavyohesabu. Akaniuliza kwa nini juma letu linaanzia Jumamosi, nikamwambia ni kwa sababu ya Ijumaa. Akatikisa kichwa. Kisha akataka kujua ni miaka mingapi mtu yule alipewa, nami nikamsomea kutoka kwenye daftari langu, taratibu, na alipoomba nirudie nikarudia.

Mahakama ile ilifungwa 31 Desemba 2015. Chombo kilichorithi kazi zake kiko Lakilaki, chini ya Mlima Meru. Kijana wangu nimemwambia aandike "Jumatatu tarehe 9, saa 3 asubuhi, saa za Arusha", na upande wa Kinyarwanda amtafute Mnyarwanda, si mimi.