Mtoto Ana Homa: Maabara Hutambuaje Vimelea Vinavyomsumbua?

Mtoto amelala na homa, asubuhi bado anachemka. Jirani anasema ni malaria. Bibi anasema ni meno. Muuza duka la dawa anasema mpe antibiotiki, itamaliza kila kitu. Wote wanakutakia mema, lakini hakuna hata mmoja aliyeona kinachomsumbua mtoto.

Homa haina jina la ugonjwa. Malaria huleta homa, mafua huleta homa, na maambukizi kwenye njia ya mkojo (UTI) huleta homa ileile. Kazi ya maabara ni kutafuta vimelea vyenyewe, ili mtoto apate dawa inayomfaa. Makala hii inakueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika na namna unavyoweza kuisaidia.

Aina za vimelea

Vimelea vingi vinavyowaugua watoto vipo katika makundi manne:

- Virusi: huleta mafua, surua na kuhara kwingi kwa watoto wadogo. Antibiotiki haiui virusi.
- Bakteria: huleta UTI, kifua kikuu, homa ya matumbo (taifodi) na baadhi ya nimonia. Hawa ndio wanaotibiwa kwa antibiotiki.
- Protozoa: ni vijidudu vya seli moja, kama vile vya malaria na amiba. Vina dawa zake.
- Fangasi: huleta utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga na mabaka ya ngozi.

Dawa ya kundi moja mara nyingi haifanyi kazi kwa kundi jingine. Ndiyo maana kubahatisha kuna hasara: unatumia fedha, siku zinapita, na ugonjwa unaendelea.

Malaria: tone moja la damu

Mhudumu humchoma mtoto kidoleni, au kisiginoni kama ni mchanga, na kuchukua tone la damu. Kipimo cha haraka, mRDT, hutafuta protini inayotolewa na vimelea vya malaria. Majibu hupatikana kati ya dakika 15 na 20. Njia nyingine ni kupaka damu kwenye kioo, kuitia rangi na kuitazama kwa hadubini. Hapo mtaalamu huona vimelea vyenyewe na huweza kuvihesabu.

Kama mtoto alitibiwa malaria wiki chache zilizopita, mwambie mhudumu. Protini ile hubaki katika damu kwa muda hata baada ya vimelea kufa, hivyo mRDT inaweza kusema "ipo" wakati imekwisha. Katika hali hiyo hadubini husaidia zaidi.

Majibu yakionyesha hakuna malaria, usihuzunike wala usiombe dawa ya malaria "kwa usalama". Umeshajua jambo la maana: chanzo cha homa kiko kwingine, na kinapaswa kutafutwa.

Mkojo: kwa nini wanakuambia urudi kesho kutwa?

Bakteria wanaoongoza kwa kusababisha UTI huitwa E. coli. Kwa kawaida huishi kwenye utumbo bila kudhuru, lakini wakiingia kwenye njia ya mkojo huleta maambukizi. Wasichana huathirika zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Ndiyo maana tunashauri mtoto wa kike apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma.

Kwanza maabara huchovya kijiti kwenye mkojo na kuangalia mabadiliko ya rangi. Hiki ni kipimo cha dakika chache, na huonyesha tu kama kuna dalili za maambukizi. Ili kujua ni bakteria gani, mkojo huoteshwa: hupakwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kisha huwekwa kwenye joto linalokaribia la mwili. Baada ya usiku mmoja au zaidi, bakteria mmoja huwa mamilioni, na kundi lao huonekana kwa macho kama nukta.

Mtaalamu huweza kuwapaka rangi na kuwatazama kwa hadubini. Njia hii ilianzishwa mwaka 1884 na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram. Baadhi ya bakteria hubaki na rangi ya zambarau, wengine huwa wa waridi, na hilo hupunguza orodha ya wanaoshukiwa.

Kisha huja hatua muhimu sana. Vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki tofauti huwekwa juu ya bakteria hao. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu pembeni yake. Bakteria wakiota hadi ukingoni mwa karatasi, dawa hiyo wameizoea. Huu ndio usugu wa dawa, na huongezeka pale tunapotumia antibiotiki ovyo au bila kuhitajika.

Taifodi: kuwa makini na kipimo cha Widal

Watoto wengi huambiwa wana taifodi kwa kipimo cha Widal. Kipimo hiki hakitafuti bakteria. Hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana nao. Askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu maambukizi ya zamani, au kuamshwa na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo Widal peke yake inaweza kudanganya. Kuotesha damu ni njia ya kuaminika zaidi. Uliza kwa upole: "Daktari, je, damu inaweza kuoteshwa?"

Kifua kikuu: mtoto asiyeweza kutoa makohozi

Bakteria wa kifua kikuu huota polepole, na kuwaotesha huchukua wiki kadhaa. Siku hizi mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vyao na kutoa majibu kwa takribani saa mbili, pamoja na kuonyesha kama wana usugu kwa dawa ya rifampisini. Mtoto mdogo humeza makohozi badala ya kuyatema, hivyo usishangae ukiombwa choo chake kwa ajili ya kipimo hicho.

Unavyoweza kusaidia

- Taja kila dawa uliyompa, hata nusu kidonge. Antibiotiki iliyotangulia inaweza kuwaficha bakteria. Hakuna sababu ya kuona aibu.
- Mkojo: nawa mikono, msafishe mtoto kwa maji, acha mkojo wa kwanza upite, kinga wa katikati.
- Tumia kikopo ulichopewa na maabara, si chupa ya soda. Usikamue nepi. Kwa mtoto mchanga, mwombe muuguzi akusaidie.
- Peleka sampuli mapema. Mkojo ukikaa kwenye joto, bakteria huongezeka na majibu hupotoka.
- Hakikisha jina la mtoto limeandikwa kwenye kikopo.
- Rudi kuchukua majibu hata kama mtoto ameanza kucheza. Huenda dawa ikahitaji kubadilishwa.

Si kila ugonjwa unahitaji maabara. Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zinki mara moja, na aendelee kunyonya na kula. Lakini choo kikiwa na damu, mpeleke kituoni.

Usisubiri majibu ukiona dalili hizi

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, mchana au usiku, ikiwa:

- hawezi kunyonya au kunywa
- anatapika kila kitu
- amepata degedege
- amelegea sana au haamki
- anapumua kwa haraka au kwa shida, kifua kikibonyea ndani
- ana umri chini ya miezi miwili na ana homa yoyote

Mtoto wa hali hii huanzishiwa matibabu hata kabla majibu hayajatoka. Sampuli huchukuliwa, dawa huanza, na majibu yakija daktari huendelea na dawa hiyo au kuibadilisha.

Mama, baba, bibi, mlezi: wewe ndiye unayejua homa ilianza lini, mtoto alikula nini na alipewa dawa gani. Hadubini haiwezi kuona hayo. Ukiyasema yote, umeshaisaidia maabara kumtibu mwanao.