Leseni ya Uvuvi na Swali la Mwenye Mto

Kanuni za uvuvi huonekana jambo dogo: msimu, leseni, ndoana, idadi ya samaki. Lakini tukichunguza historia ya jimbo la Washington, Marekani, tunaona kwamba nyuma ya kanuni hizo lilijificha swali la nani mwenye mto.

Mwaka 1854 Wanisqually, Wapuyallup na makabila jirani walitia saini mkataba wa Medicine Creek. Walitoa ardhi, wakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote, pamoja na raia wengine. Jimbo lilipoundwa mwaka 1889 likatunga kanuni zake. Mwaka 1925 lilimtenga trauti aendaye baharini, anapokuwa mtoni, awe samaki wa wavuvi wa starehe, wenye leseni na ndoana. Basi mwenyeji aliyetega wavu apate riziki akawa mhalifu, na aliyekuja kujiburudisha akaitwa mlinzi wa samaki! Mabwawa ya umeme, yaliyoziba njia za samaki, leseni hiyo haikuyagusa.

Billy Frank, Mnisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945, akiwa na miaka 14. Katika miaka ya 1960 wenzake walivua hadharani, wakakamatwa, wakarudi mtoni. Tarehe 12 Februari, 1974, Jaji George Boldt alitafsiri neno "pamoja": wenyeji wapate nafasi ya kuvua hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Mwaka 1979 mahakama ya juu ya nchi iliuthibitisha uamuzi huo kwa sehemu kubwa. Tangu hapo makabila hupanga misimu pamoja na jimbo, kwenye mito ambayo samaki wake wamepungua sana.