Tafsiri Iliyotangulia Asili: Riwaya ya "Sisi" ya Zamyatin

Kwa kawaida tafsiri huliandama andiko la asili kama kivuli kimwandamavyo mtu. Makala haya yanakusudia kuiangalia riwaya moja ambayo kivuli chake kilitangulia. Yevgeny Zamyatin aliiandika riwaya ya My, yaani "Sisi", kwa Kirusi katika miaka ya 1920 na 1921. Hata hivyo, ilichapishwa kwanza kwa Kiingereza, mjini New York, mwaka 1924.

Zamyatin (1884–1937) hakuwa adui wa mapinduzi. Katika ujana wake alikuwa Mbolsheviki na alifungwa na serikali ya mfalme. Alikuwa pia mhandisi wa meli, na mwaka 1916 alipelekwa Uingereza kusimamia uundaji wa meli za kuvunjia barafu. Dola Moja anayoibuni imejengwa kwa hesabu za kihandisi: nyumba ni za kioo, kila saa imepangiwa kazi yake, na watu hawana majina bali nambari. Msimulizi ni D-503; mwanamke anayemwamsha ni I-330, anayeshikilia kuwa kama isivyokuwapo nambari ya mwisho, ndivyo yasivyokuwapo mapinduzi ya mwisho. Wakaguzi wa Kisovieti waliizuia riwaya hiyo.

Mwaka 1927 sehemu zake zilitokea kwa Kirusi katika jarida la wahamiaji mjini Prague. Ili kumkinga mwandishi, mhariri alidai kuwa zimefasiriwa kutoka Kicheki, hata akayabadili baadhi ya maneno. Hila hiyo haikufaa kitu. Mwaka 1929 Zamyatin alishambuliwa vikali na mwaka 1931 akamwandikia Stalin kuomba ruhusa ya kuondoka. Kwa msaada wa Gorky alikubaliwa, akafia Paris. Andiko kamili la Kirusi lilichapishwa New York mwaka 1952; wasomaji wa nchini mwake walingoja hadi mwaka 1988.

Orwell aliisoma kwa Kifaransa na kuihakiki katika gazeti la Tribune mnamo Januari 1946, miaka mitatu kabla ya kutoka kwa Nineteen Eighty-Four. Si haki, hata hivyo, kusema kwamba aliiga tu, kwani mwaka 1944 alikuwa tayari akiandaa kitabu cha aina hiyo. Zamyatin mwenyewe alikuwa na deni kwa H. G. Wells na kwa Dostoevsky.

Kwetu sisi, Orwell alibisha hodi mapema: Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, ilitoka mwaka 1967. Je, Zamyatin angesemaje Kiswahili? Hapa sarufi yetu inamtega mfasiri. "Nambari" ni ya ngeli ya i-/zi-, lakini kiumbe chenye uhai hudai a-/wa-. Tuseme "nambari zimeamka" au "nambari wameamka"? Katika sentensi ya kwanza Dola imeshinda. Katika ya pili utu umesalia ndani ya kiambishi.

Kwa maoni yetu, D-503 hana budi kuanza na "zimeamka", kisha, kadiri mapenzi yanavyomfundisha kusema "mimi", ateleze kwenye "wameamka". Mwishoni, baada ya kuondolewa fikira za ubunifu kwa upasuaji, arudi kwenye "zi-". Msomaji wa Kiswahili ataisikia silabi hiyo moja, naye atajua ni nini kilichokatwa.