Walinzi wa Mwitu Watoke Wapi?

Jina la Kabambare liliingia katika vitabu vya Ulaya kwa ajili ya pembe za ndovu. Livingstone alifika huku mwaka 1869, na mwaka 1870 akakaa miezi mingi akiugua vidonda vya miguu. Yeye aliuita mji huu Bambarre. Aliwakuta wafanya biashara wakitafuta pembe, akaandika pia habari za soko, yule nyani mkubwa wa mwitu wetu. Pembe zilikwenda Ujiji, kisha Unguja, kisha ng'ambo. Ndovu wakapungua, na watu wengi wakachukuliwa utumwani pamoja na mizigo ile. Wageni waliamua, wenyeji wakatwaliwa mali yao.

Leo ndovu wa kuviziwa ni wachache, lakini mwitu ungalipo, na mto Luama ungali ukishuka toka milima ya mashariki kwenda Lualaba. Machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila yanaita watu wengi, na watu wengi hutaka kuni, mbao na nyama. Basi tuulize: nani atalinda kilichobaki? Historia ina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni la Serikali kuweka mipaka na kuajiri askari. Wabelgiji walifanya hivyo mwaka 1925 walipoanzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo huitwa Virunga. Mwaka 1970 ikafuata Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ikapanuliwa mwaka 1975 hata kugusa Maniema. Kazi ile iliokoa wanyama wengi, hatukatai. Lakini Watwa na wengine waliokuwa wakikaa mle walifukuzwa, na ugomvi wao haujakwisha hata sasa. Karibu nasi zaidi, upande wa Mwenga, Fizi na Uvira, Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 kabla wenyeji hawajaulizwa vema. Wakanung'unika. Ilipasa kurudi vijijini kuzungumza nao juu ya mipaka, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mtu aliyefukuzwa katika mwitu wa babu zake hatamwonyesha askari njia ya mwindaji haramu.

Jibu la pili ni kuwafundisha watu wazima wa kijiji chenyewe. Tuvuke ziwa Tanganyika, twende mpaka Babati katika Tanzania. Huko kuna pori la miombo liitwalo Duru-Haitemba, la hekta 9,000 hivi. Serikali ilipotaka kulifanya hifadhi yake, watu walikataa. Wengine wakaharakisha kukata miti kabla haijachukuliwa. Ndipo, mwaka 1994, maofisa wakageuza shauri, wakawapa vijiji vinane wenyewe ulinzi wa pori.

Tazameni mafundisho yao yalivyokuwa. Hawakuanza na ubao wala madaftari. Wazee na vijana walitembea pamoja kuuzunguka mpaka, wakakubaliana ni wapi pa kupumzishwa na wapi pa kuokota kuni. Kila kijiji kikachagua halmashauri ya msitu, kikaandika sheria zake na faini zake. Kisha vijana wakajitoa kuzunguka pori, pasipo mshahara. Kijiji kikawasamehe kazi nyingine za jumuiya. Wakataji wa mkaa na watu wa moto walipungua, kwa kuwa mlinzi aliwajua kwa majina, nao walimjua. Serikali ikaacha shauri lake la kwanza.

Na kwetu Kongo? Mwaka 1998, katika Kivu ya Kaskazini, masultani wa Batangi na Bamate walikubaliana kutenga mwitu wa Tayna, makao ya ngagi. Waliona kwamba mlinzi asiyefundishwa hawezi kazi, na kwamba kijana anayepelekwa mbali kusoma mara nyingi harudi. Basi wakajenga chuo palepale Kasugho, kikafunguliwa mwaka 2003. Serikali ikaithibitisha hifadhi yao mwaka 2006. Watu wa Punia, ndugu zetu wa Maniema, wakafuata njia hiyohiyo.

Toka habari hizi tunajifunza jambo moja. Mlinzi wa kweli hupata nguvu zake kwa jirani zake. Bunduki na vazi humwogopesha mtu mchana. Usiku kinachomzuia mwizi wa miti ni kujua kwamba kijiji kizima kimekubaliana.

Sheria sasa inatufungulia mlango. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba mwitu wa asili yake, usiozidi hekta 50,000, na kupewa bure kwa siku zote. Lakini karatasi haitembei mpakani. Wanahitajika watu wa kila ukoo, wanaume na wanawake, wanaojua vijito, mitego na mawe ya mipaka, nao wafundishwe kuandika, kuhesabu na kusuluhisha magomvi.

Wazee wanaoijua mipaka hiyo wanakufa mmoja mmoja. Tusingoje mgeni aje kutuchagulia walinzi. Kila kijiji kiwaite wazee wake, kiwape vijana wawili au watatu wa kutembea nao, hata kama ni siku moja tu kila mwezi, kabla njia hazijasahauliwa.